Njano kwenye Njia ya Zamani

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, baba mkubwa alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akasugua kucha zake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Rangi ya njano haitoki kwa sabuni. Alianza na kidole gumba, akaenda hivyo hivyo mpaka kidole cha mwisho, halafu akanusa mkono na kukunja uso, utadhani ndiyo kwanza anajua kwamba mafuta ya taa yananuka. Mama mkubwa alikuwa akimwambia kwamba siku moja atasogelea jiko, awake mzimamzima. Naye alijibu kwamba akiwaka ndiyo vizuri, watu wataiona njia.

Kazi yake ilikuwa kupaka alama kwenye mawe. Nyumba yetu ni ya mwisho kabla ya geti la hifadhi. Ukipita geti, njia inapanda msituni, inatokea kwenye majani marefu, halafu inaingia kwenye mawe matupu ambako kila upande unafanana na mwingine. Huko juu mtu hafuati njia, anafuata jiwe lenye mstari wa njano. Akilifikia anatafuta la mbele. Wapagazi wanaowabebea wageni mizigo walimwita Mzee Njano. Walimtania kwamba akifa watampaka mstari kaburini, asije akapotea njia ya ahera. Alicheka nao, wala hakuwa mtu wa kununa.

Mimi nilikuja kukaa kwao nilipoacha shule. Nilimsaidia mama mkubwa kufua na kushona mahema na mabegi ya kulalia yanayokodishwa getini. Kwa hiyo nilimwona baba mkubwa karibu kila siku akisimama pale wageni wanapojiandaa, mikono nyuma, anawatazama miguu. Mtu akiwa na buti mpya kabisa alimwambia buti ni kama mkwe, huendi naye safari kabla hamjazoeana. Soksi kavu ziingie kwenye mfuko wa plastiki. Koti la mvua likae juu ya begi, si chini ya masufuria. Filimbi ifungwe kifuani, kwa sababu ukianguka begi linaweza kwenda upande wake na wewe upande wako. Wengine walimsikiliza, wengine walimpiga picha.

Siku moja nilimpelekea chakula upande wa mto, ambako watu wa geti walikuwa wamehamisha njia, nikamkuta anafuta alama za zamani. Unachonga rangi kwa tindo na nyundo, unamalizia na brashi ya waya mpaka jiwe linabaki jeupe. Alikuwa ametembea hadi mwisho wa njia ile ndipo akaanza kufuta kurudi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini asianzie karibu.

"Kupaka unaanzia nyumbani, unakwenda," alisema. "Kufuta unaanzia mwisho, unarudi. Ukifuta huku unakwenda, nani atakurudisha?"

Akaniambia na lingine. Ukiwa kwenye ukungu, ukasimama kwenye jiwe usione jiwe la mbele, usiongeze hatua. Kaa hapo hapo, piga filimbi, subiri.

Mtoto wao wa kwanza, ambaye kwangu ni kaka, alikuwa mpagazi. Mwaka mmoja wa mvua nyingi alikuwa ameshuka na wageni, ikagundulika kuna hema limesahaulika juu. Akarudi peke yake kulichukua, kwa njia inayopita juu ya korongo. Usiku mvua ilinyesha bila kupumua, na alfajiri ubavu mzima wa mlima ulikuwa umeporomokea korongoni pamoja na njia. Walimtafuta mpaka wakaishiwa pa kutafuta. Kilichopatikana ni begi lake peke yake, upande wa huku wa maporomoko, limeegemezwa kwenye jiwe, limesimama wima, filimbi ikiwa imefungwa kwenye mkanda.

Hilo begi ndilo lililomharibu baba mkubwa. Mpagazi huegemeza mzigo namna ile akiwa anaurudia. Mtu aliyezolewa na udongo, alisema, haachi mzigo umekaa vizuri hivyo. Mama mkubwa alilia, akamaliza, akagawa nguo za mtoto wake kwa wapagazi wenye umbo lake. Baba mkubwa alipoliona shati la mwanawe linapita na mtu mwingine barabarani, aligeuka akaangalia ukuta.

Geti wakakata njia mpya ya kuzunguka korongo. Palipo njia panda, juu kidogo ya msitu, wakasimamisha kibao cha kuzuia watu. Baba mkubwa akaambiwa apake njia mpya, afute ya zamani. Njia mpya aliipaka. Ya zamani aliniambia ameifuta, lakini niliona kucha zake. Hata miezi ambayo hakuna kazi ya kupaka zilikuwa za njano, na kopo la rangi lilikuwa linapungua. Nikamwambia mama mkubwa. Alikuwa anashona zipu ya hema, hakuinua kichwa. Akasema anajua, anapanda huko kila mvua zikiisha. Alishamuuliza, naye akamjibu kwamba mtoto atarudi kwa njia aliyokwenda nayo, njia mpya haijui.

"Mwache," akasema. "Rangi haiui mtu."

Ikapita misimu. Mwaka huu upepo uliangusha kile kibao, na geti walikuwa wanasema watakisimamisha, watakisimamisha. Wakaja kijana mmoja na dada yake, wanafunzi, hawakutaka kiongozi wala mpagazi. Walikodi hema kwetu. Baba mkubwa aliwatazama miguu, akaridhika nayo. Kijana alikuwa mcheshi, alimwambia filimbi atampa dada yake kwa sababu ndiye mwenye kelele. Yule dada akaifunga kifuani hapo hapo, akampiga kaka yake kofi la mgongo. Wakapanda.

Kesho yake asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye paa letu. Baba mkubwa alikuwa kizingitini na kitambaa chake. Filimbi ikalia, mbali, mara tatu, ikanyamaza, ikalia tena. Haikutoka upande wa njia mpya. Sote tuliisikia. Alisimama, kitambaa kikaanguka, na uso wake sijawahi kuuona vile, ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha.

"Ndiye," alisema. "Mama, ndiye huyo."

Akakimbia na kandambili. Mama mkubwa alishika mlango, midomo inamcheza, nikaona kwamba na yeye, kwa muda mdogo ule, aliamini.

Alirudi mchana amembeba yule dada mgongoni. Alimteremsha kwenye kiti chetu, akampa maji, akapiga magoti amvue buti kwa sababu kifundo kilikuwa kimevimba. Nyuma yao wapagazi wakaja polepole, wamebeba hema kama machela. Mama mkubwa alilitambua kwa kiraka chake mwenyewe. Mtu aliyekuwa ndani yake alifunikwa mpaka juu, buti moja tu ilitokeza, imefungwa kamba vizuri.

Mkuu wa geti alifika, akamuuliza yule dada kwa upole ilikuwaje wakaenda njia iliyofungwa. Msichana hakulia. Alikuwa anaongea kama anayesoma.

"Tulifika penye njia mbili, zote zina njano. Kaka akasema twende hii, hii ndiyo inayotunzwa. Tazama, rangi yake mpya. Alikuwa mbele yangu. Alikuwa ananionyesha jiwe lingine."

Baba mkubwa alikuwa bado amepiga magoti, ameshika buti ya msichana. Asubuhi ile hakuwa amemaliza kucha. Mkuu wa geti aliziangalia kucha, akaangalia pembeni. Akasema taratibu kwamba alama zile zifutwe, zote, kwanza zifutwe, halafu mengine yatafuata. Wapagazi wakabeba, wakaenda, na hakuna aliyemwita Mzee Njano.

Walipokwisha kuondoka mama mkubwa aliokota kitambaa kizingitini, akakikunja. Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Ulimwita wako," alimwambia. "Akaja wa mwenzio."

 Jioni baba mkubwa alikula kidogo, akaniuliza kama zipu za mahema zimekwisha, nikasema bado moja. Akalala mapema.

Asubuhi hakukaa kizingitini. Mama mkubwa alimmiminia chai, akafunika kikombe kwa kisosi kwa sababu baba mkubwa alikuwa anatafuta kitu kwenye sanduku la kazi. Alichukua tindo, nyundo na brashi ya waya. Kopo la rangi aliliacha. Mama mkubwa alimwambia anywe kwanza. Akasema anakwenda kufuta, atakunywa akirudi. Alimshika bega kidogo alipopita, jambo ambalo si kawaida yake mbele yangu, akatoka.

Haukupita muda ukungu ukaanza kushuka tena, na nikaona koti lake la mvua linaning'inia mlangoni. Mtu aliyewahimiza wageni wote kuhusu koti la mvua. Mama mkubwa akaniambia nimkimbilie nalo, hajafika mbali, na kama hajafika mbali basi atakuwa bado anapanda, hajaanza.

Nikapita geti, nikapita msitu. Pale njia panda kibao kilikuwa kimesimamishwa, kimeshindiliwa mawe. Na jiwe la kwanza la njia ya zamani lilikuwa jeupe. Unga wa jiwe ulikuwa bado mkavu juu ya majani yenye umande. Nikaenda hadi la pili, nalo jeupe. Nikalitafuta la tatu kwa sababu nilikuwa nimeizoea njia hiyo kabla haijafungwa, nikalipata, limekwanguliwa mpaka halina hata chembe ya njano. Nikasimama juu yake. Mbele palikuwa na ukungu tu, hakuna jiwe.

Nilimwita. Nilisikia nyundo ikigonga tindo, mbali, ikanyamaza, ikagonga mbali zaidi. Nikamwita tena, nyundo haikusita. Sikuongeza hatua. Nilikaa pale na koti lake mapajani mpaka sikusikia kitu chochote.

Niliporudi mama mkubwa alikuwa mlangoni. Aliliona koti mkononi mwangu. Hakuniuliza kama nimemkuta.

"Ameanzia wapi?" aliuliza.

Nikamwambia ameanzia njia panda.

Akaingia ndani. Alikiondoa kisosi, akaimwaga chai nje kwenye majani, akakiosha kikombe, na alikiosha kwa muda mrefu.