Jembe Halishikwi kwa Miguu

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijaniisha mpaka leo. Nilikuwa msichana, hapa hapa Iguguno. Dada yangu Eliwaza miguu yake haikutembea tangu utoto, lakini alilima alizeti akiwa amekaa, akijisogeza mstari kwa mstari, kwenye shamba aliloachiwa na mama. Basi baba mdogo akaingiza ng'ombe na plau mle ndani, eti shamba limelala, mlemavu halimi. Na alizeti yenyewe ilikuwa imefika magotini!

Kaka yetu Yohana akaenda baraza la kata kumdaia dada haki yake. Tukamsifu, jamani. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya shauri alimpakia Eliwaza kwenye baiskeli, akamketisha chini mlangoni ili aonewe huruma, kisha akasimama yeye. "Naomba shamba nikabidhiwe mimi, maana ndimi ninayemlisha."

Anamlisha! Mafuta tuliyopikia nyumba nzima yalitoka kwenye jembe la nani? Na wazee nao, badala ya kumkemea, wakawa wanamuuliza Yohana: "Huyu anaitwa nani? Anasikia?" Dada yangu yupo pale pale, ana masikio mawili na ulimi wa kuwashinda wote.

Mjumbe mmoja, Bibi Zaituni, akagonga fimbo yake chini. "Yohana, kaa! Umekuja kumdai shamba baba yako mdogo, au kumpora dada yako mbele yetu? Mwenye shamba ana mdomo. Eliwaza, mwanangu, sema."

Dada akawapa wazee shikamoo kwanza, ndipo akasema, "Sikumtuma mtu aniombee mlezi. Nataka shamba langu."

"Utalima kwa miguu gani?" baba mdogo akadakia.

"Kwani baba, jembe linashikwa kwa miguu?"

Watu wakaangua kicheko. Eliwaza hakucheka hata kidogo. Shamba likarudi kwa jina lake, si la Yohana, na akalilima mpaka nguvu zilipomwisha.

Sasa nasikia unakwenda kufungua kesi kwa niaba ya mdogo wako asiyeona, aliyefukuzwa kazi. Nenda, mwanangu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ila umemuuliza mwenyewe anataka nini? Nenda naye, akae kiti cha mbele, wewe uwe msindikizaji. Wakikuuliza wewe jina lake, nyamaza, ajibu mwenye jina. Kumdaia mtu haki huku umemziba mdomo ni wizi, na mwizi ndugu ndiye mbaya zaidi, maana mbwa wa nyumbani hawambwekei. Wala usijione mzima sana, hujafa hujaumbika.

Haya, Mungu awatangulie nyote wawili. Akurudishe nyumbani wewe ukiwa umenyamaza, na mdogo wako akiwa amesema.