Mtetemo wa Skuta ya Mama Mkwe

Fundi Kimya alikuwa na kanuni moja ya kazi, na kwa miaka ishirini na miwili ilimtosha: mwenye pikipiki asiulizwe kitu. Wenye pikipiki, kwa maoni yake, ni watu wa porojo. Ukimuuliza mtu pikipiki yake ina nini, atakuanzia na safari ya juzi, atapitia kwa shemeji yake, atamalizia na mvua, na mpaka hapo bado hujajua kama ni plagi au ni mnyororo. Kwa hiyo yeye alikuwa akipokea ufunguo, anaitikia kwa kichwa, anainama. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, kisha anafumba macho. Watu walimsifu sana kwa hilo. Walisema fundi huyu haongei kwa sababu anasikiliza. Ukweli ni kwamba alikuwa haongei kwa sababu ya haya, lakini sifa ikikujia mlangoni yenyewe, huifukuzi.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kumsifu ni mama mkwe wake. Huyo alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na moja. Wenzake walipostaafu walianza kuumwa magoti. Yeye alinunua skuta kubwa nyeusi, yenye kiti kipana kama kochi na kioo cha kukinga upepo, akawa anasambaza sare za shule alizoshona mwenyewe. Skuta ile haina gia za kukanyaga. Inajibadilisha yenyewe kwa mkanda ulio ndani ya kifuniko cha ubavuni. Mama aliipendea hilo: alisema kitu kinachojua wajibu wake hakihitaji kukanyagwa.

Ikafika siku skuta ikasahau wajibu. Mama akitaka kuondoka, inatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, inakwaruza, halafu inaruka mbele. Akaileta kwa mkwe. Mkwe akapokea ufunguo, akasikiliza kwa bisibisi, akabadilisha mkanda. Akaijaribu mwenyewe mpaka kwenye kona na kurudi: laini kabisa. Baada ya wiki tatu mama akarudi nayo inatetemeka. Kimya akabadilisha rola, vile vigurudumu vidogo vinavyosukuma mkanda. Akaijaribu: laini. Wiki tatu tena, mama huyo. Safari hii alifungua mpaka klachi, akakuta vitambaa vyake vinang'aa kama kioo, na bakuli linalovizunguka lina mabaka ya bluu ya kuungua. Akaweka vipya, akapiga bakuli msasa. Laini! Akajipongeza kimoyomoyo, maana hana namna nyingine ya kujipongeza.

Jumatano moja, wakiwa mezani, mkewe akamwambia bila kumtazama, "Mume wangu, skuta ya mama imeanza tena."

Kijiko cha Kimya kikasimama.

"Amesema Jumamosi anaipeleka kwa Injinia."

Hapo chakula kikamshinda. Injinia alikuwa na gereji upande wa pili wa mji, kibao chenye taa, cheti kwenye fremu, na mashine yenye nyaya inayosoma ugonjwa wa injini. Hayo Kimya angeyavumilia. Asiloweza kulivumilia ni kwamba, miaka kumi na tisa iliyopita, Injinia na yeye walipeleka posa nyumba moja katika mwezi mmoja. Mama alimtaka Injinia. Binti akamtaka Kimya. Tangu hapo mama hakusema neno, lakini kunyamaza kwa mwalimu mkuu watu hukusikia hadi barabarani. Sasa Injinia akiiponya hiyo skuta, mambo ya miaka kumi na tisa yatakuwa yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

"Kesho ailete," Kimya akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kesho yake alifungua klachi. Vitambaa vya wiki tatu tu vilikuwa vinang'aa tena, na harufu ya kuungua ikamjaa puani. Basi kuna kitu kinaizuia skuta huku injini inaisukuma. Akazungusha gurudumu la nyuma: jepesi. Akaangalia beringi: nzima. Akaangalia breki: inaachia vizuri. Alikagua kila kilichokuwa kwenye skuta, na kikabaki kitu kimoja tu ambacho hakikuwa kwenye skuta wakati huo. Kilikuwa kimekaa kwenye benchi, kimevaa miwani, kinasoma gazeti.

Kimya akavipiga vitambaa msasa, akafunga, akasimama akifuta mikono. Akaendelea kuifuta hata baada ya kuwa safi.

"Umeona nini?" mama akauliza.

"Labda... uzito, mama."

Gazeti likashuka. "Uzito wa nani?"

"Wa mzigo! Wa sare!" Kimya akasema haraka.

"Leo sina sare. Wewe ndiye utakuwa mzigo. Panda nyuma."

Kimya akatamani ardhi ipasuke. Ng'ambo ya barabara, muuza mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa tatu, akasimama ili aone vizuri.

"Fundi, unapelekwa shule?" akapaza sauti. "Shika vizuri, usije ukaanguka kabla ya kengele!"

Kimya akakaa kwenye ncha kabisa ya kiti, mikono imeng'ang'ania chuma cha nyuma. Kati yake na mama mkwe pangetosha gunia. Alikuwa haangalii popote, na kwa kuwa haangalii popote, macho yakaangukia mkono wa kushoto wa mama.

Vidole vinne vilikuwa vimeishika breki. Mama akazungusha mafuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuachia. Skuta ikatetemeka, ikakwaruza, ikavuta, na hapo ndipo vidole vikalegea kidogo nayo ikaruka. Hata ilipokuwa inakwenda, vidole vilibaki palepale, kama mtu anayemshika mwanafunzi ukosi wakati wa kumpeleka ofisini.

Wakafika kwenye kona.

"Mama."

"Nini?"

"Mkono."

"Umefanyaje?"

"Wa kushoto."

Mama akasimamisha skuta, akamtazama kupitia kioo cha pembeni. "Sema kwa sentensi kamili."

Kimya akatii. "Mama, unatia mafuta huku umeshika breki, kwa hiyo klachi inajisugua mpaka inaungua, vitambaa vinakuwa vitelezi, haviwezi kushika vizuri, ndiyo inatetemeka, na skuta yenyewe ni nzima." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko aliyotumia kuposa.

"Nisiposhika si itanikimbia?"

"Haiwezi, mama. Inakwenda kwa kadiri unavyoizungushia mafuta."

"Kwa hiyo kibovu ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini hoja umeipanga vizuri." Akavua miwani, akaifuta. "Mara nne umeifungua hii skuta. Kwa nini hukuniuliza ninaiendeshaje?"

"Nilikuwa naisikiliza injini."

"Injini haina mkono wa kushoto."

Wakarudi, vidole vya mama vimenyooka mbele kama vinaonyesha njia. Skuta haikutetemeka hata punje. Walipopita mbele ya muuza mkaa, mwanamke huyo akapiga makofi.

"Leo ile taa nyekundu ya breki huko nyuma imezimika! Miezi mitatu naiona inawaka tu, mama akiondoka inawaka, akienda inawaka!"

"Mbona hukusema?" Kimya akamuuliza, na lilikuwa swali lake la kwanza kazini kwa miaka ishirini na miwili.

"Uliniuliza?"

Jumamosi mama alikwenda kwa Injinia vilevile, kwa sababu alishasema atakwenda. Injinia akaunganisha nyaya zake, akakuna kichwa, akamwambia haoni ubovu.

"Najua," mama akamjibu. "Nilitaka na wewe ujue." Akaondoka, laini.

Jumapili aliwasimulia nyumbani mkasa wote. Kwa masimulizi yake, yeye ndiye aliyegundua kwamba fundi anatakiwa kupanda nyuma, na mkwe alisaidia kwa kuwa na macho. Kimya aliitikia kwa kichwa kila alipotajwa. Lakini mkewe hakutosheka.

"Mama, kwa hiyo nilichagua vizuri?"

Mama akafikiri kwa muda mrefu, kama anayesahihisha mtihani wa mtoto aliyemkatia tamaa akakuta amefaulu.

"Kwenye skuta," akasema, "ndiyo."

Kimya akainamia sahani yake, masikio yakimwaka moto. Alama hiyo alikuwa ameingoja miaka kumi na tisa, na hakuwa na nia ya kukata rufaa.