Mwaka wa Phelista Huisha Juni

Ilikuwa 2023. Hapana, nakosea, ilikuwa 2024. Lakini ukimwuliza Phelista atakwambia ni miaka yote miwili, maana mwaka wake ni ule wa fedha, kama wa serikali: unaanza Julai mosi na kuisha Juni thelathini.

Phelista hupikia semina za wakulima kule Mabanga. Juni ikifika, maofisa hukimbizana kutumia bajeti kabla mwaka haujafungwa, na semina hufuatana kama siafu. Krismasi yeye hana kitu; nguo mpya hushona Julai.

Basi Mukhwana akatoka Kitale kupanga harusi ya mwanawe na Agneta, binti wa Phelista. Mimi nilikuwa nimepita tu, nikapewa chai.

"Harusi ni Desemba," Mukhwana akasema. "Watu wote wako nyumbani."

"Desemba sufuria zangu zimelala, mkwe. Wageni nitawalisha nini? Mwaka wangu unaisha Juni."

"Ati Juni? Kwani wewe ni serikali?"

"Si ndiyo mimi naipikia, bana!"

Agneta akashika birika bila kumimina. Kisha Mukhwana akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Haya, Julai. Lakini tule kama watu wa semina!"

Siku ya harusi tulikula kuku na chapati, tukacheza, tukipiga kelele, "Heri ya mwaka mpya!" Hata mchungaji aliitikia.

Maofisa walikuwepo. Niliwauliza ni nani aliamua mwaka uishe mahindi yakiwa bado mabichi shambani; wakacheka tu.