Duara la Jua Siku ya Ndoa ya Gloriose

Habonimana alizama ziwani upepo ulipopindua boti aliyopanda, akamwacha mkewe Gloriose na watoto, na meza ya kuuzia mawese pale Gungu, mjini Kigoma. Watoto walipokwisha kujitegemea, fundi wa injini za boti aitwaye Dismasi akaanza kununua mawese mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Majirani wakacheka. Gloriose naye akacheka, halafu akakubali posa.

Asubuhi ya ndoa wageni walikuwa nje ya kanisa wakimsubiri padri, mtu mmoja akapaza sauti: "Tazameni jua!" Jua lilikuwa limezungukwa na duara kubwa, ukingo wake wa ndani mwekundu. Vigelegele vikakatika. Wengine wakatoa simu, wengine wakawaziba watoto macho.

Bibi Anésie, shangazi wa marehemu Habonimana, akamshika Gloriose mkono. "Mwana wanje, mwanangu, hiyo ni alama. Habonimana anakataa. Ahirisheni."

Nikodemu, shemeji yake Dismasi, mwalimu wa sekondari, akajaribu kueleza: juu kabisa mawinguni kuna chembe za barafu, na mwanga wa jua ukipita humo unapinda.

"Barafu?" Anésie akauliza, huku anajifuta jasho. "Kigoma hii?"

Watu wakaangua kicheko, hata Nikodemu mwenyewe, lakini wasiwasi haukuisha. Dismasi akamsogelea Gloriose. "Ukitaka tusubiri, tutasubiri," akasema taratibu. "Sitakasirika."

Gloriose alikuwa na hofu kweli. Lakini alimkumbuka vizuri mumewe wa kwanza: chumvi ikipungua kwenye mboga, mtaa mzima ulijua.

"Shangazi," akasema, "Habonimana ulimlea wewe. Aliwahi kukataa jambo kwa mafumbo?"

Anésie akafikiri. "Hapana. Yule alikuwa anafoka tu."

"Basi angekuwa anakataa, tungemsikia."

Bibi akamwachia mkono. Hata hivyo hakuingia kanisani. Alibaki kwenye benchi la nje, kitenge kichwani, akilitazama lile duara.

Ndoa ikafungwa. Maharusi walipotoka, mawingu mazito yalikuwa yameshafunika kila kitu. Anésie akainuka, akampa Dismasi mkono, kisha akamgeukia Gloriose na kumuuliza kama ile migebuka ya ziwani iliyokaangwa itawatosha wageni wote hawa.

"Itatosha, shangazi."

"Nani anapakua?"

Gloriose akasema bado hajapatikana mtu. Bibi akakaza kitenge kiunoni, akatangulia kuelekea jikoni.