Mtu wa Njiani Hapewi Msiba

Mume wangu aliendesha lori la samani kutoka maghala ya Mobeni kwenda popote walipomtuma, na kila alipofika alinipigia simu. Hakuwa na maneno mengi. "Nimefika. Nimekunywa maji." Basi, anakata. Mimi nilikuwa nyumbani South Beach, hapa Durban, ghorofa ya sita, nashona nguo za watu, na nikishasikia sauti hiyo mguu wangu ulirudi kwenye cherehani. Alifariki mwaka jana. Jioni bado naiweka simu karibu na kitambaa.

Nataka kuandika habari za siku ile aliyofariki, kwa sababu nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa jema. Lakini lazima nianze nyuma kidogo.

Mtoto wetu ni mmoja, wa kiume. Alipata nafasi ya kusoma Amerika, chuo cha katikati ya nchi, mahali pa mashamba ya mahindi. Watu wa kanisani walishangilia. Baba yake alishangilia pia, ila alikuwa na wasiwasi mmoja: kule wanaendesha upande wa kulia. Yeye mwenyewe alijifunza kuendesha upande wa kulia, kwetu Bukavu, halafu akaja huku Durban akajifunza upya kushoto, na alisema mwaka wa kwanza alikuwa akitoka jasho kila kona.

Leseni mtoto alikuwa nayo tayari. Baba yake alimfundisha Jumapili baada ya ibada, Mobeni, maghala yakiwa yamefungwa na barabara zote ni zao. Ila gari la usukani wa kushoto tungelitoa wapi? Basi mume wangu akachukua mfuniko wa sufuria yangu kubwa, akampa mtoto aushike kama usukani, wakaenda kutembea kwa miguu katikati ya barabara, upande wa kulia. Baba mbele akijifanya lori, mtoto nyuma. Wakifika kwenye robot, taa za barabarani, wanasimama, taa ikiwa kijani wanakata kona, baba anapiga kelele: "Kona ya kushoto ndiyo ndefu! Ndefu! Umeniingia mbele, umeshakufa!" Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo na chupa ya chai, nacheka mpaka tumbo linauma. Mlinzi wa kiwanda kimoja akatoka kwenye kibanda chake akauliza kwa Kizulu gari liko wapi.

"Iphi imoto, baba?"

"Iko Amerika," mume wangu akamjibu, wala hakugeuka.

Ningependa kukaa hapo kwenye ukingo muda mrefu zaidi.

Mtoto alipomaliza mwaka wa pili akapata kazi ya likizo katika mji wa pwani, mwendo wa siku mbili kutoka chuoni. Hapo baba na mwana wakapata mazungumzo ya mwezi mzima. Ndege ilikuwa ya haraka, lakini mizigo ilikuwa na bei yake. Basi lilimtaka abadilishe mara tatu na kungoja stesheni zisizo na watu. Treni ilipita mara moja kwa siku, na ilipita mbali na chuo. Gari la kukodi walimtaka aongeze pesa kwa sababu hajafika miaka ishirini na mitano. "Yaani mtu mzima wa kupiga kura ni mtoto kwa usukani?" mume wangu alisema, akafurahi kupata kitu cha kubishia.

Mwishowe kulikuwa na kijana wa Ghana, rafiki yake, aliyehitimu na kuhamia mji uleule. Aliliacha gari lake chuoni na akataka mtu wa kumpelekea. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia nafuu.

"Bima iko na jina lako?" baba akamuuliza.

"Bado, papa, lakini anasema hakuna shida."

"Basi usiguse ufunguo."

Akakaa siku mbili mpaka jina likaandikwa. Mume wangu alimpa sheria zake: ondoka jua halijatoka, simama kila baada ya saa mbili, na kila ukisimama piga simu. Siku ya kwanza alipiga mara sita. Mume wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikaa mezani na ramani kwenye simu yangu, redio ikiimba rumba, na kila kituo alikiandika kwenye karatasi kwa jina na saa. Sijawahi kumwona ametulia namna ile. Mtoto akalala hoteli ya kando ya barabara.

Kesho yake asubuhi mume wangu aliweka maji ya chai, akasema kifua kinambana, akaketi. Ambulansi ilikuja. Saa nne walituambia amekwisha.

Kule Amerika ilikuwa bado usiku, mtoto amelala. Niliishika simu nimpigie. Mdogo wa mume wangu, aliyefika mbio kutoka dukani kwake, akaninyang'anya.

"Shemeji, hapana. Mtu iko njiani hapewi msiba."

"Hajaanza safari. Yuko kitandani."

"Iko peke yake. Akilia, nani atamushika? Na ile gari ataipeleka nani?"

Ndiyo desturi yetu. Msafiri anaachwa afike, akae, apewe maji, halafu mtu mwenye mkono wa kumshika anasema. Nimewahi kuona mama mmoja akisafirishwa siku mbili kwenda kumzika mwanawe huku akidhani anaenda harusini. Tangu utoto niliona ni huruma. Siku hiyo niliona pia ni uongo, na mimi uongo haukai mdomoni mwangu. Lakini nilimfikiria mwanangu katika chumba cha hoteli, katikati ya nchi ambayo hamjui mtu, na macho yaliyojaa machozi kwenye barabara ya magari makubwa. Nikakubali. Shemeji akampigia yule kijana wa Ghana, namba ilikuwa kwenye karatasi ya mume wangu, akamwomba angoje mlangoni. Halafu akawaamuru watu wote: "Hakuna kuweka picha kwenye status mpaka kijana afike. Hata mshumaa. Hata Biblia."

Saa sita mchana mtoto akapiga.

"Mama, nimeamka, natoka sasa. Papa iko?"

"Baba yako hayupo hapa," nilisema. Lilikuwa neno la kweli, na nilijua nililichagua kwa nini.

"Mwambie nimepima tairi."

"Endesha polepole, mwanangu."

Simu ya pili, nyumba ilikuwa imejaa. Mama za kanisa walikuwa wanaimba. Simu ilipolia shemeji akanyanyua mikono yote miwili, na watu arobaini wakanyamaza ghafla, mmoja akiwa na mkono mdomoni kuzuia kwikwi. Nilijaribu kuuliza maswali ya mume wangu: mafuta, maji ya injini, umekula? Niliyachanganya.

"Mbona kimya hivyo?" mtoto akasema. "Redio ya papa imekufa?"

Jirani yangu mmoja, mwanamke wa Burundi, alikuwa karibu na redio. Kwa kutaka kusaidia akaiwasha. Ukatoka mpira, mtangazaji anapiga kelele kwa Kizulu. Mume wangu hakuwahi kusikiliza mpira maisha yake yote.

"Eish! Papa ameanza kupenda mpira?" Mwanangu akacheka. "Mwambie anipigie, nataka kumtania."

Nilisema mtandao ni mbaya nikakata, na huo sasa ulikuwa uongo mtupu.

Simu ya tatu haikuja kwa wakati. Nilikaa nikiiangalia. Saa mbili zilipita, zikawa tatu, zikawa tano. Shemeji aliwaacha wageni akaja kuketi karibu na simu. Nilifikiri: nimemnyamazia, na sasa nimewapoteza wote wawili siku moja. Saa mbili za usiku ndipo ilipolia, na ilikuwa namba ya yule kijana wa Ghana. Amefika. Ameketi. Amekunywa maji.

Nilimwambia mwenyewe. Nilikataa shemeji anisemee. Nilisikia kiti kikianguka, halafu sauti ya yule rafiki, kwa Kiingereza, akimwambia kitu polepole.

Alipoweza kuongea, hakuniuliza baba alikufaje. Aliniambia alipokuwa saa ile nilipoingoja simu ya tatu. Alikuwa kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, ameketi ndani ya gari, akingoja baba yake ampigie. Baba hakuwahi kuacha simu yake bila kuirudisha. Alingoja zaidi ya saa nzima, simu juu ya goti, akidhani amemkasirisha.

"Mtu nisiyemjua mama yake alijua kabla yangu," akasema. "Alinifungulia mlango. Mimi namwonyesha ufunguo, nacheka."

Nilimwambia anisamehe. Hakusema amesamehe. Nami sikumweleza desturi, kwa sababu anaijua.

Kuja kuzika hakuweza. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja; akitoka, pengine harudi. Alimwona baba yake akishushwa kupitia simu ya shemeji, na shemeji aliisahau simu mkononi, picha ilikuwa inaonyesha viatu vya watu.

Miezi iliyofuata alinipigia mara chache. Kisha wakati wa baridi huko Amerika alipaswa kusafiri tena, mwendo wa saa tisa, na akanipigia kabla hajaondoka.

"Mama, huko wote ni wazima? Niambie sasa, sijawasha gari."

Anafanya hivyo kila safari. Shemeji anasema nimevunja desturi, na mimi namwacha aseme. Mwezi uliopita mtoto aliuliza, nikamjibu kwamba baba yake mdogo amelazwa, sukari imepanda, na kwamba madaktari hawajasema kitu.

"Sharp, sawa," akasema. "Ngoja nikae kidogo."

Nikaweka kitambaa chini. Nikamsikia anapumua ndani ya gari lililozimwa, nami nikabaki kwenye simu mpaka aliponiambia yuko tayari.