Karani Aliyeuliza Majina ya Miaka

Nakiru alikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja mjini Lodwar. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu za bima za wagonjwa waliolazwa: walimu, madereva, polisi, watu wa ushirika wa samaki, na familia zao. Kila fomu ilikuwa na nafasi ya umri. Makarani wengine walimtazama mgonjwa usoni, wakakisia, wakaandika thelathini au arobaini. Nakiru alivuta kiti na kuuliza, "Mwaka uliozaliwa, watu waliuitaje?"

Hapo mgonjwa alianza kukumbuka. Macho yalihama chumbani, yakaenda mbali, na Nakiru akaenda nayo. Kuna waliozaliwa ziwa lilipopanda likameza nyasi za ufukweni. Kuna waliozaliwa Lopiar, ukame uliofagia mifugo yote. Adome, mke wa mvuvi mmoja wa Kalokol, alimwambia, "Mimi nilikuwa kwa tumbo ile siku jua ilizima mchana. Mama alilala kwa mchanga, akafunika mimi na mikono. Kuku walienda kulala."

Nakiru aliandika: ishirini na minne. Kisha alikaa na kalamu mkononi, akiliona giza lile la mchana likishuka juu ya maji, na yule mama aliyelala kifudifudi akimkinga mtu ambaye hajamwona bado. Foleni ilibidi imwamshe.

Mwaka wa 1998 alikuja Amuria, mtafiti kijana kutoka Nairobi. Alitaka kujua kama fomu za bima zinaaminika vya kutosha kuchunguzia magonjwa ya watu. Alikuwa ametokea Kakuma, alikopitia rejista za zahanati ya kambi ya wakimbizi ili apate kulinganisha. Huko karibu kila mkimbizi alikuwa ameandikwa kuwa amezaliwa Januari mosi, kwa kuwa hakuna aliyejua tarehe. Alifungua makabati ya Nakiru, akasoma siku tatu. Siku ya nne alimwita.

"Mama, watu wasiojua umri wao husema thelathini, husema hamsini. Kila mahali nimeona hivyo. Kwako naona thelathini na saba, arobaini na mbili, hamsini na tatu. Samahani, lakini hizi fomu ni nzuri mno. Naogopa kuna mtu anajitungia."

Nakiru hakukasirika. "Basi twende tuwaulize," akasema.

Amuria alichagua majina thelathini kwa kura. Walizunguka wiki mbili kwa gari la kuazima, Nakiru akiketi mbele na fomu mapajani, wakiulizia watu kwenye maduka na makanisani. Wengine walikuwa wamehamia malishoni, wawili walikuwa wamefariki. Waliwapata ishirini na mmoja. Kule Kalokol, kati ya samaki waliotandazwa juani, Adome aliwapokea kwa salamu ya "ejok" na kicheko, akawapeleka kwa katekista. Kitabu cha ubatizo kilisema alibatizwa akiwa mchanga, mwanzoni mwa 1974. Amuria aliusoma ukurasa ule mara mbili.

Waliporudi Lodwar, kumi na tisa kati ya ishirini na mmoja walikuwa wamelingana na maandishi mengine. Amuria alimshika Nakiru mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Imebaki fomu moja tu," akasema. "Kura ilikuangukia na wewe. Ulilazwa mwaka jana kwa malaria. Imeandikwa miaka arobaini na minane. Hii haina shida, nadhani."

Nakiru aliinamisha kichwa. Alikuwa amelitarajia jambo hilo tangu kura ilipopigwa, na njiani kote halikumtoka moyoni.

"Hiyo ndiyo ya uongo," akasema.

Akamsimulia. Mama yake alimzaa mwaka wa tatu baada ya wanaume kurudi kutoka kubeba mizigo ya vita vya Waitaliano. Namotor ilipokuja, njaa iliyoacha mifugo mifupa mitupu, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, ameshavishwa shanga za msichana wa kuolewa. Wamisionari waligawa chakula na kufungua darasa, ila hawakupokea watoto wakubwa. Mwalimu alimtazama akilia mlangoni, akaandika kumi na mmoja. Miaka mitano ikapotea hivyo.

Amuria alipiga hesabu kwa kidole mezani. "Kumbe sasa una hamsini na minne. Mama, mwakani utatimiza hamsini na mitano, utastaafishwa. Mimi naweza kuchukua jina lingine. Hakuna atakayeuliza."

"Umeuliza wewe," Nakiru akajibu. "Andika."

Aliiandika kwa mkono wake barua ya kurekebisha umri, akaipeleka ofisini mwenyewe. Jioni alipokuwa akifunga makabati alilia kidogo, kwa sababu aliipenda kazi ile. Lakini usingizi wake ulikuwa mzuri. Alijiota akiwa msichana mrefu wa miaka kumi na sita, akitembea kwenye mchanga akiwa na shanga zake zote.

Barua ya kustaafu ilifika 1999. Miezi miwili baadaye yakaja maneno kutoka Kakuma. Nyanut, mhudumu wa afya katika zahanati ya kambi, alikuwa amesikia habari zake kwa Amuria, na alitaka kufundishwa namna ya kuuliza. Nakiru alipanda basi. Alimkuta Nyanut kwenye kibanda cha mabati, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, rejista imefunguliwa mbele yake: Januari mosi, Januari mosi.

"Anza na mimi," Nyanut akasema.

Nakiru akavuta kiti. "Mwaka uliozaliwa, kwenu waliuitaje?"

Nyanut akataja jina kwa Kidinka, lugha ya kwao Sudan. Nakiru hakuwahi kulisikia. Akafungua daftari jipya, akamwomba alirudie polepole, na amwambie mvua ilikuwaje mwaka huo.