Kontena la Dada

Ofisi yetu ilikuwa Hurlingham, Nairobi, juu ya duka la dawa, na kazi yetu ilikuwa ya bandari. Tulikuwa mawakala wa forodha: mtu akiagiza mzigo ng'ambo, sisi ndio tulioufuatilia mpaka ukafika mlangoni kwake. Wengi walidhani mtu wa kazi hiyo lazima akae karibu na bahari. Mimi niliifanya kwa miaka huku dirishani nikiona magari ya Barabara ya Argwings Kodhek tu. Bandari ya Mombasa niliijua kwa simu. Nilijua meli ipi imefunga gati na ipi bado inangoja nje. Nilijua kwamba kontena likishashushwa na kreni hupelekwa yadini likapangwa pamoja na mengine, moja juu ya jingine, na kwamba lililo chini halitoki mpaka yaliyo juu yake yaondolewe. Wateja wenye haraka niliwaeleza jambo hilo karibu kila siku.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipoamua kurudi nyumbani, hakuwa na haja ya kutafuta wakala. Alikuwa Uingereza tangu mimi nikiwa shule ya msingi, akitunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Alikuwa amekusanya vitanda vya hospitali vilivyotumika, viti vya magurudumu na magongo ya kutembelea, akitaka kufungua nyumba ya kutunzia wazee huko kwetu magharibi, kwenye shamba aliloliacha baba. Alilipakia kontena mwenyewe, akisaidiwa na marafiki, kisha akanipigia simu bado anahema. Alisema amefunga milango na kutia sili, na vitu vyote alivyo navyo duniani vimo humo.

"Wewe ulipokee tu," alisema. "Lakini mimi nitafika kabla yake."

Alifika kabla yake kweli. Mwanzoni mwa Desemba alianguka kazini, bafuni kwa mzee aliyekuwa akimwogesha, na hakuamka tena. Walisema ni mshipa wa kichwani. Wenzake walichanga, mwili ukaletwa kwa ndege, ukawekwa mochari hapa Nairobi baada ya Krismasi. Tukapanga kumpeleka nyumbani mara tu baada ya Mwaka Mpya wa 2008.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na nchi ikawaka. Mimi na mama tuliishi mtaa wa Satellite, na kutoka kwenye ngazi za ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, tuliona moshi upande wa Kangemi. Barabara ya kwenda magharibi ilifungwa kwa mawe na magogo. Wenye magari ya kubeba maiti hawakutaka hata kusikia bei. Mama alisema atangoja, hata kama ni mwaka. Siku moja mjomba, ndugu yake wa pekee, ambaye alikuwa seremala Kangemi, alikuja kwa miguu kwa kupitia vichochoro. Mochari imejaa, alisema, na mtoto ameshalala huko vya kutosha.

Tulimzika Lang'ata, hapa Nairobi. Tulikuwa wachache, na mchungaji alisoma haraka kwa sababu dereva wa gari alitaka kurudi mapema. Kwa watu wa kwetu, kumzika mtu kwenye makaburi ya mji ni kama kumwacha njiani. Mama hakulia. Alisimama mpaka udongo ukajaa, halafu akanigeukia.

"Na vitu vyake viko wapi?"

Nilimwambia viko kwenye meli, na meli iko nje ya Mombasa, inangoja. Akasema basi vikifika vitapelekwa nyumbani, vyote, hata kijiko. Mwili haukufika, vitu vitafika. Tangu siku hiyo hakuniuliza jambo jingine nikirudi kutoka kazini.

Barabara zilezile zilizomzuia dada zilikuwa zimeizuia na bandari. Mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo haikuwa na pa kupita, kwa hiyo ilibaki yadini. Meli ziliendelea kuja na kushusha mpaka yadi ikajaa, na zilizofuata zikawa zinangoja baharini. Ofisini simu hazikukoma. Wateja walilia, walitukana, mmoja aliniuliza mimi ni mtu wa kabila gani. Nikifika nyumbani, namkuta mama amekaa jikoni ananingoja.

Meli ilipofunga gati na kushusha, mama akataka kujua kwa nini kontena lisitolewe tu. Nikachukua masufuria yetu, nikayapanga moja juu ya jingine, nikamwonyesha lile la chini. Akayatazama. Akayainua ya juu yote, akayaweka sakafuni, akanipa lile la chini.

"Hivi," alisema.

Nikamwambia, "Mama, hiyo sakafu ndiyo haipo."

Mtu wetu wa Mombasa nilikuwa sijawahi kumwona. Tulijuana kwa sauti. Nilipomweleza kontena lile ni la nani, alisema angelitafuta mwenyewe badala ya kutegemea kuambiwa. Alinipigia jioni, mama akiwa kando yangu.

"Dada yangu, nimeliona," alisema, kama alivyozoea kuniita. "Liko chini kabisa, limelaliwa na makontena matatu ya Uganda. Sina la kufanya. Nimeweka mkono wangu hapo mlangoni, nikamwombea marehemu. Mwambie mama."

Nilimwambia. Mama aliondoka kwenda kulala bila kula.

Viongozi walipopatana, barabara zikafunguka polepole, na yadi ikaanza kupungua. Kontena lilipakiwa kwenye treni likaletwa Embakasi, kwenye bandari ya nchi kavu, ambako mizigo ya Nairobi hukaguliwa. Nilimsihi mama abaki nyumbani. Alivaa nguo za kanisani, akatangulia kutoka. Mjomba alikuja na lori alilokodi, tayari kwa safari ya magharibi.

Afisa wa forodha alikuwa mwanamke kijana. Aliuliza mwenye mzigo ni nani. Nikasema amefariki. Akauliza basi ni nani atakayevithibitisha vitu, kwa sababu lazima avitaje kimoja kimoja. Nilikuwa nafungua mdomo mama aliponitangulia.

"Mimi ndiye niliyemzaa. Niulize mimi."

Walikata sili, wakavuta milango. Kabla hatujaona kitu, harufu ilitupiga: harufu ya nguo zilizolowa zikasahaulika. Ndani kulikuwa na giza, na katikati ya paa palikuwa na nukta ya mwanga. Tundu dogo, la kuingiza kidole. Maji yalikuwa yameingia hapo safari nzima, au katika yadi, au tangu siku ile ya kupakia. Sikujua, na sijajua mpaka leo. Baadaye nilipiga simu kila mahali lilipopita, na kila mtu aliniambia lilitoka mikononi mwake likiwa zima.

Maboksi yalimeguka yaliposhikwa. Magodoro yalikuwa meusi. Vitabu vilikuwa vimevimba na kushikana. Vijana wa pale walitoa vitu wakaviweka sakafuni, na afisa akawa anamwuliza mama. Hii ni nini? Mama hakujua. Hiki je, ni cha jikoni? Mama alisema labda. Kulikuwa na picha za watu tusiowajua, wakicheka ufukweni. Kulikuwa na sweta aliyoanza kuifuma na sindano zake bado zimo. Nilianza kuona uso wa mama ukibadilika. Alikuja kumtambua mtoto wake, na kila kitu kilichotoka kilikuwa cha mtu mgeni.

Kisha wakatoa viatu vyekundu vya visigino virefu, vyenye kumetameta. Vilikuwa vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa hiyo maji hayakuvigusa. Mama alivichukua kutoka kwa yule kijana, akavigeuza.

"Alikuwa anacheza dansi?" aliniuliza.

Nilisema sijui. Nilikuwa sijui kweli. Tulipokuwa tukizungumza kwa simu, ilikuwa kila mara habari za nyumbani: ada, paa la nyumba, ugonjwa wa baba. Hakuna aliyemuuliza Jumamosi anafanya nini.

Afisa aliacha kuandika. "Mama, nitaandika ni vitu vya nyumbani vilivyotumika," alisema. "Inatosha." Akamletea kiti.

Vitanda vilikuwa vimeshika kutu lakini vilisimama. Mjomba alivipakia kwenye lori pamoja na viti vya magurudumu; nguo nilibaki nazo zifuliwe kwanza, na vilivyooza vikatupwa. Tulipomaliza, mama aliuliza kontena lenyewe litapelekwa wapi. Nikamweleza kwamba halikuwa la dada. Litarudi bandarini likiwa tupu, lijazwe mzigo mwingine, liende.

"Mzigo gani?"

"Chochote, mama. Majani chai, pengine."

Alitikisa kichwa, akapanda lori. Alikwenda na mjomba mpaka nyumbani. Huko walikuta kanisa limejaa watu waliofukuzwa walikokuwa wakiishi, wakilala chini, wengine wazee. Mama aliviacha vitanda na viti kanisani. Alirudi na mjomba, lori likiwa tupu, na hakunisimulia zaidi ya hapo. Mjomba ndiye aliyeniambia kwamba mama alisimama shambani, pale dada alipotaka kujenga, na kwamba hakukaa.

Nguo tulizifua Satellite, tukazianika kwenye kamba zote za ploti. Harufu haikutoka. Tulizirudia mpaka majirani wakaanza kutusaidia bila kuulizwa, na bado harufu haikutoka. Mwishowe mama alizichoma nyuma ya nyumba, moja moja, akikunja kila moja vizuri kabla ya kuitia motoni.

Mwaka uliofuata alianza kuumwa. Siku moja akiwa kitandani aliniambia kwamba akifa tusimpeleke nyumbani. Tumlaze Lang'ata, kando ya binti yake, kwa kuwa yule hana mtu pale. Nilimwambia mjomba hatakubali. Alisema mjomba hakumzaa mtoto yule.

Mjomba hakukubali. Alisema hajawahi kuona mwanamke mwenye kwake, mwenye kaburi la mume linalomngoja, akiomba kuzikwa na watu asiowajua. Mama alipokufa, mjomba alisusia mazishi, na ukoo wa baba wote ukafuata. Mimi nilifanya alivyotaka. Lakini nafasi iliyo kando ya dada ilikuwa imeshachukuliwa, kuna mtoto wa watu hapo, kwa hiyo mama yuko safu ya mbali, upande wa ukuta.